Amplifaya isiyotaka makuu

Mpiga gitaa akiingia duka la vyombo vya muziki huuliza habari za nguvu: amplifaya hii ina wati ngapi, na ukiifungua hadi mwisho inanguruma namna gani? Mpuliza harmonika wa bluzi ana swali jingine kabisa. Yeye anataka kujua ataifungua hadi namba ngapi kabla maiki haijaanza kupiga yowe. Kwa amplifaya nyingi za gitaa jibu ni tatu, au nne kwa bahati, na kitufe chenyewe mara nyingine kina namba 12.

Ndiyo maana wapo mafundi, wengi wao Marekani na Ulaya, wanaounda amplifaya za vali mahsusi kwa kinanda hiki cha mdomo kinachoenea mfukoni. Kazi yao ina kichekesho chake, kwa sababu inakwenda kinyume na somo la kwanza la elektroniki. Mwanafunzi hufundishwa kukuza sauti bila kuichafua. Mafundi hawa hupunguza ukuzaji, hunyoa sauti za juu, huchagua spika ndogo, kisha hungoja uchafu utokee pale tu wanapoutaka.

Chimbuko la haya yote ni Chicago. Kabla na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani Weusi walihama kwa wingi kutoka mashamba ya pamba ya Mississippi, Arkansas na Louisiana kufuata ajira za viwanda vya kaskazini. Walikwenda na muziki wao, na harmonika ilikuwemo kwa kuwa ilikuwa rahisi kununua na rahisi kubeba. Chombo chenyewe kilitoka Ujerumani: Matthias Hohner alianza kukitengeneza mjini Trossingen mwaka 1857, na mwaka 1896 kampuni yake ikatoa Marine Band, yenye matundu 10 na ndimi 20 za shaba. Nusu ya ndimi hizo hulia ukipuliza, nusu ukivuta pumzi. Kibarazani kijijini hiyo ilitosha. Katika baa za South Side ya Chicago, penye ngoma, gitaa za umeme na wateja waliokwisha kunywa, ilimezwa yote.

Dawa ilipatikana kwenye vifaa vya matangazo. Snooky Pryor, aliyekuwa mwanajeshi wakati wa vita, alisimulia kwamba alizoea kupuliza tarumbeta ya kambini kupitia vipaza sauti, na aliporejea Chicago mwaka 1945 akanunua mitambo ya namna hiyo kwa ajili ya harmonika yake. Haikuchukua muda wenzake wakafanya vilevile. Sokoni Maxwell Street wanamuziki waliazima umeme kwa waya kutoka nyumba za jirani, wakapiga barabarani.

Maiki walizoshika hazikuwa za studio. Astatic JT-30, na Shure 520 iliyoingia sokoni mwaka 1949, ziliundwa kwa matangazo na redio za mawasiliano, kazi ambayo maneno yakieleweka imekwisha. Sauti za chini sana hazizipati, za juu sana hazizipati. Kasoro hiyo ndiyo iliyozifanya zipendwe.

Tarehe 12 Mei 1952, Little Walter, kijana wa Louisiana aliyekuwa akipiga katika bendi ya Muddy Waters, alirekodi "Juke", kibao kisicho na mwimbaji. Kilikaa wiki nane kileleni mwa chati ya R&B ya jarida la Billboard. Harmonika iliyosikika humo si ile nyembamba ya kibarazani. Ni nene, ina ukali wa saksofoni, na inajaza chumba. Tangu siku hiyo, mafundi wanaounda amplifaya za harmonika wanafukuza sauti hiyo au jamaa zake.

Unene huo una maelezo ya hesabu. Harmonika ya ufunguo wa C huanzia takriban mitetemo 262 kwa sekunde na kuishia 2,093. Hakuna besi humo. Waya mnene kuliko yote wa gitaa hutetemeka mara 82 tu. Lakini mpulizaji akivuta tundu la pili na la tatu kwa pamoja, anapata G ya mitetemo 392 na B ya karibu 490. Zikipita kwenye amplifaya safi hutoka kama zilivyoingia. Zikipita kwenye vali iliyoelemewa, sauti hizo mbili hugongana na kuzaa ya tatu, ambayo ni tofauti yake: 490 ukitoa 392 unabaki na 98. Hiyo ni G nyingine, oktavu mbili chini ya ile ya kwanza, na hakuna ulimi ndani ya harmonika hiyo unaoweza kuitoa. Amplifaya ndiyo iliyoipiga.

Marine Band za enzi za Little Walter zilisawazishwa kwa uwiano wa asili, ule unaoziweka sauti mbili katika namba kamili kama nne kwa tano, kwa hiyo besi hiyo ya mzimu ilikaa sawasawa ndani ya wimbo. Harmonika iliyosawazishwa kwa mfumo wa piano huzaa 102 badala ya 98, na sikio lililozoea hutambua kwamba kuna kitu kimepinda. Anayetumia siku nzima kubadili resista huku ameshika harmonika isiyofaa anahangaika bure.

Swali linalofuata ni kwa nini amplifaya ya gitaa isifanye kazi hii, ilhali nayo ina vali na nayo huelemewa. Jibu liko kwenye maiki. Gitaa la umeme halisikilizi hewa; sumaku zake hufuata mtikisiko wa nyaya za chuma. Maiki ya harmonika husikiliza kila kitu, pamoja na spika iliyo nyuma ya mpulizaji. Sauti ya spika hurudi kwenye maiki, inakuzwa tena, inatoka, inarudi, na kabla mtu hajapepesa jicho ukumbi mzima umeziba masikio. Amplifaya za gitaa za kisasa zimejazwa hatua nyingi za ukuzaji ili wimbo wa roki ulie kwa muda mrefu. Kwa maiki iliyo wazi, kila hatua ya ziada ni mwaliko wa yowe.

Pia kuna mikono. Mpulizaji huifumbata maiki na harmonika pamoja, viganja vikiziba kila upenyo. Chumba hicho kidogo cha nyama huongeza shinikizo, hunenepesha sauti za chini na hufifisha za juu. Akifungua vidole kidogo, sauti inageuka papo hapo kutoka nzito kwenda kali. Asiyejua kufumbata hatasaidiwa na amplifaya ya bei yoyote, na pengine hilo lilistahili kuandikwa kwenye boksi.

Mafundi wengi huanzia kwenye mchoro mmoja wa zamani: Fender Champ, namba 5F1, uliotoka California mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilikuwa amplifaya ya wanafunzi, yenye vali tatu, kitufe kimoja cha sauti, spika moja ya inchi 8 na takriban wati 5. Vali ya kwanza, 12AX7, hukuza ishara ya maiki mara mbili mfululizo, maana ndani ya kichupa kimoja mmekaa vali mbili. Ya pili, 6V6, huisukuma spika. Ya tatu, 5Y3, hugeuza umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mmoja.

Ndani ya vichupa viwili vya kwanza kanuni ni ileile aliyoikamilisha Lee de Forest mwaka 1906, miaka miwili baada ya John Ambrose Fleming kutoa vali yenye sehemu mbili. Kathodi hupashwa moto hadi iwe nyekundu na kutoa elektroni. Mbele yake limesimama bamba lenye mamia ya volti linalozivuta. Katikati umewekwa wavu mwembamba, na umeme kidogo kwenye wavu huo huzizuia elektroni au kuzifungulia njia. Wavu ukizidiwa, vali hulikunja wimbi la sauti kidogo kidogo kabla ya kulikata, na mkunjo huo ndio mpulizaji anaoutafuta.

Badiliko la kwanza halihitaji hata bisibisi. Fundi huchomoa 12AX7, ambayo kipimo chake cha ukuzaji ni 100, na kuchomeka 12AY7, yenye takriban 44. Miguu ya vali hizo imepangwa sawa, kwa hiyo hakuna waya unaoguswa. Kwa kuwa kichupa kimoja kinashughulikia hatua zote mbili, punguzo linahesabika mara mbili, na mpulizaji anagundua kwamba kitufe kilichokuwa kikilia kwenye tatu sasa kinafika saba au nane. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuweka 12AU7, isiyofika hata 20. Katika Champ hilo ni kosa la ladha. Yowe linakwisha kweli, lakini 6V6 haipati tena msukumo wa kutosha kuelemewa, na sauti inabaki ya kistaarabu kupita kiasi.

Sehemu ya kuingizia ndiyo inayowachanganya wengi. JT-30 ya asili ina kipande cha fuwele kinachozalisha umeme kikiminywa na sauti, na fuwele hiyo haipendi kubebeshwa mzigo. Amplifaya ya gitaa huikaribisha kwa resista ya megaomu 1. Waundaji wa amplifaya za harmonika hupenda kuweka 5. Ukishuka chini, sauti nzito ndizo zinazopotea kwanza, na mtu huilaumu spika isiyo na hatia. Shure 520 hufanya kazi kwa sumaku na haina deko hilo. Msomaji wa pwani azingatie jambo jingine: fuwele za maiki za kale ni chumvi ya Rochelle, inayoharibiwa na joto na unyevu. Kwa hewa ya Tanga au Mombasa, maiki ya sumaku ndiyo chaguo la mwenye akili.

Baada ya hapo kazi ni ya kunyoa. Kapasita ndogo, ya pikofaradi mia chache hadi elfu moja, inayoweza kuhimili volti za juu, huwekwa ili kumwaga sauti za juu ardhini kabla hazijafika 6V6. Huko juu harmonika ina mvumo wa pumzi tu, na yowe hupenda kuanzia huko. Mchoro wa 5F1 una pia resista ya kiloomu 22 inayorudisha sehemu ya sauti ya spika nyuma ili kuisafisha. Fundi wa harmonika huikata, au huifungia swichi, ili uchafu uje mapema. Vali ya 5Y3 huachwa mahali pake: diodi za silikoni zingefanya kazi hiyo kwa bei ndogo, lakini zingepandisha volti, na 6V6 ingechelewa kuelemewa.

Kuhusu spika, inchi 8 haina aibu hapa, maana chombo hakishuki kwenye mitetemo ambayo spika ndogo hushindwa. Wapenzi wa mambo ya kale hutafuta zenye sumaku ya alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Hutafuta pia kapasita zilizotengenezwa miaka ya 1950 na kuzilipia fedha nyingi. Kwa hizo za pili uvumi unazidi ukweli, na kapasita kuukuu inayovujisha umeme inaweza kuua vali nzima.

Lakini wati 5 zinatosha wapi? Sebuleni, studioni, na mbele ya gitaa lisilo na umeme. Mpiga ngoma akikaa, mambo yanabadilika. Hapo ndipo linapotajwa jina la Bassman 5F6-A, iliyotengenezwa na Fender kati ya 1958 na 1960 kwa ajili ya gitaa la besi. Ina vali mbili za nguvu, spika nne za inchi 10 na takriban wati 40, na vali yake ya kwanza kutoka kiwandani ni ileile 12AY7. Mchoro huo ndio Jim Marshall na mafundi wake waliouiga London mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipounda JTM45. Wapiga besi waliihama. Wapuliza harmonika wa bluzi wameing'ang'ania mpaka leo.

Hata hivyo hesabu ya wati inahadaa. Sikio huhitaji nguvu mara kumi ndipo lihisi sauti imekuwa maradufu. Bassman, yenye nguvu mara nane ya Champ, haifiki hata hapo. Kinachotofautisha ni eneo la spika nne zinazosukuma hewa kwa pamoja, na nafasi inayobaki kabla ya kila kitu kuchafuka. Ndiyo maana wapulizaji wengi hupanda jukwaani na amplifaya ndogo, wakaweka maiki ya ukumbi mbele ya spika yake, na kumwachia fundi mitambo kazi ya kuifikisha kwa umati. Njia hiyo ni nyepesi kwa mgongo na kwa mfuko. Wengine hutafuta Kalamazoo, amplifaya za bei ya chini zilizotengenezwa na Gibson miaka ya 1960 zikiwa na spika ya inchi 10, ambazo wapiga gitaa walizidharau kwa miaka mingi. Warsha ndogo za Marekani, kama zile zilizotoa chapa za Sonny Junior na HarpGear, zimejenga jina kwa kuwahudumia wapuliza harmonika peke yao.

Sasa habari za kifo, kwa sababu zipo. Amplifaya hii ndogo hubeba zaidi ya volti 300 za mkondo mmoja, na kapasita zake huendelea kuzihifadhi hata plagi ikiwa imechomolewa. Fundi mwangalifu huunga resista ya kiloomu 220 ya kumwagia umeme huo. Kwa kapasita za Champ, zenye jumla ya mikrofaradi 32, karibu nusu dakika inatosha kushusha volti hadi chini ya 10, lakini hupimwa kwa mita kila mara kabla mkono haujaingia. Waya wa ardhi hufungwa kwenye chuma cha kasha, tofauti na amplifaya za zamani zenye plagi ya miguu miwili, ambazo hazikuwa na waya huo.

Kuwasha kwa mara ya kwanza hufanywa kwa hatua. Transfoma hupimwa peke yake, kisha nyaya za kupashia vali moto, kisha volti za juu, na hatua zote hizo hupitia taa ya mfululizo ambayo mafundi redio wa Afrika Mashariki wanaijua tangu zamani: balbu ya waya, si ya LED, iliyounganishwa kati ya ukuta na amplifaya. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani. Ikimulika mara moja na kufifia, kazi inaendelea. Spika iwe imeunganishwa muda wote, maana amplifaya ya vali ikipigwa bila spika inaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti.

Transfoma hiyo nayo isiwe ya kuokota popote. Katika saketi ya vali moja ya nguvu, mkondo hupita ndani yake bila kukoma, kwa hiyo chuma chake lazima kiwe na mwanya mdogo wa makusudi. Iliyokusudiwa vali mbili hushiba sumaku na kutoa sauti kama imefunikwa na blanketi. Mvumo usiotakiwa nao hupunguzwa kwa kuzipindapinda pamoja nyaya za kupashia moto na kuikalisha transfoma ya kutolea sauti kwa pembe mraba dhidi ya ile ya umeme. Anayestaajabu kwa nini kasha linachoma mkono baada ya saa moja ajue kwamba vali tatu za Champ hutumia karibu wati 15 kujipasha moto tu, kabla ya hizo 5 za muziki.

Vali mpya bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, Urusi ilizuia kwa muda vali za kiwanda cha Saratov zisitoke nje, na wanamuziki wa dunia nzima walikimbilia madukani. Biashara ilifunguka tena, ila bei zilikuwa zimekwisha kupanda mlima.

Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania anayewashwa mikono, resista, nyaya, soketi na chuma cha kulehemu si tatizo Kariakoo ya Dar es Salaam wala Luthuli Avenue ya Nairobi. Vali na transfoma kwa kawaida huagizwa nje. Katika kuagiza, asikubali transfoma ya umeme ya Kimarekani ya volti 120, ambayo itaungua ikichomekwa kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya. Hata ikipitia transfoma ya kushushia, kama imesukwa kwa mizunguko 60 kwa sekunde itapata moto zaidi kwenye umeme wetu wa 50. Mchoro wa 5F1 unaenea katika ukurasa mmoja na unapatikana bure. Aulize transfoma yenye upande wa kuingizia wa volti 230 au 240, na siku ya kuwasha amwite fundi redio mzee wa mtaani aliyewahi kushika vali, akae naye kando.